Kabla hujampa jasusi wako bastola, msome Richard Hannay

Mswada wangu wa kwanza wa riwaya ya kijasusi ulikuwa na bastola kumi na moja. Idadi naijua kwa sababu mhariri aliyenirudishia alizizungushia zote kwa kalamu nyekundu, kisha akaandika mstari mmoja chini ya ukurasa wa mwisho: "Huyu bwana haogopi chochote, kwa hiyo na mimi sikuogopa."

Nilinuna wiki nzima. Mimi nimelelewa na Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba. Kufa na Kupona niliisoma bwenini kwa tochi, nakala iliyokwisha poteza jalada, na tulikuwa tunapangiana zamu kama foleni ya maji. Nani angenifundisha jasusi anakuwaje? Basi nikaenda kwa mjomba, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, nikamlalamikia mpaka chai ikapoa. Akanisikiliza, akauliza kama nimesoma The Thirty-Nine Steps. Nikamwambia filamu yake nimeiona.

"Sijakuuliza filamu, mjomba."

Akaingia ndani, akatoka na kitabu chembamba kilichobabuka mgongo. Nilikimaliza kesho yake kabla ya adhuhuri. Tangu hapo kila kijana anayeniomba ushauri wa kuandika riwaya za upelelezi namtuma kwanza huko, na hapa naeleza kwa nini, pamoja na mahali pa kuwa macho.

Mwandishi ni John Buchan, Mskoti aliyezaliwa 1875. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914 alikuwa na vidonda vya tumbo, kalazwa Broadstairs, pwani ya Kent, wenzake wakivaa sare yeye akivaa shuka. Akaandika ili kujiliwaza. Hadithi ikatoka kwa mfululizo katika jarida la Blackwood's kuanzia Julai 1915 chini ya jina la bandia, na Oktoba mwaka huo ikawa kitabu. Wasomaji wake wa mwanzo walikuwamo askari mahandakini, na ukiisoma utaelewa: sura kumi fupi, kila moja unaweza kuimaliza kati ya mzinga na mzinga.

Mhusika ni Richard Hannay, mhandisi wa migodi aliyejichumia vijisenti Rhodesia, akarudi Uingereza, na sasa London imemchosha. Amejipa siku moja tu: lisipotokea la maana, anapanda meli kurudi Cape, Afrika Kusini. Jioni hiyo hiyo jirani wa ghorofani, Mmarekani aitwaye Scudder, anamwomba hifadhi na kumsimulia njama ya kumuua waziri mkuu wa Ugiriki akizuru London, jambo litakaloiwasha Ulaya. Siku chache baadaye Hannay anamkuta Scudder sakafuni, kisu kimempita kifuani.

Hapo ndipo penye mtambo wa kitabu kizima. Polisi watamshika Hannay kwa mauaji. Majasusi watamuua kwa kile walichodhani kaambiwa. Hana upande. Anaazima nguo za muuza maziwa, anatoka mlangoni akipiga mluzi, anapanda treni kwenda Galloway, kusini mwa Uskoti, na kwa wiki kadhaa anawindwa na watu ambao kwa kawaida wangekuwa wanawindana wao kwa wao. Jasusi wangu mimi alikuwa na serikali nzima nyuma yake, simu ya moja kwa moja kwa mkuu wa idara, na gari lisiloisha mafuta. Ndiyo maana hakuogopa. Angeogopa nini?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una muda wa mmoja tu chukua huu: kabla hujaandika ukurasa wa pili, mnyang'anye mhusika wako watu wa kumpigia simu.

Halafu mpe kazi. Namaanisha ajira, jambo analolijua mikononi. Hannay akifungiwa stoo na maadui, hafungui kufuli kwa pini ya nywele kama wahusika wa sinema. Anapapasa gizani, anakuta baruti, na kwa kuwa ameshinda migodini miaka, anajua kiasi gani kitabomoa ukuta na kiasi gani kitamfanya yeye kitoweo, ingawa hata hivyo anakadiria tu na kumwomba Mungu. Ukuta unabomoka, naye anatoka akitapika moshi. Jasusi wangu alikuwa "mtaalamu wa kila kitu". Siku hizi ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga, na kwa kweli amekuwa mtu wa kuvutia zaidi.

Mazingira nayo. Buchan alikuwa mtembeaji wa miguu, milima ile alikuwa ameikanyaga, na inaonekana. Unajua bonde liko wapi, kilima kipi kipara kiasi kwamba ndege ya majasusi ikipita juu hakuna kichaka cha kujibanza. Ndege ya kumtafuta mtu nyikani, katika hadithi ya 1915! Miaka 44 baadaye mwongozaji filamu Alfred Hitchcock alimfukuzisha mtu na ndege katika shamba tupu kwenye filamu yake North by Northwest, na watu hawajaacha kuizungumzia mpaka leo. Baada ya kusoma sura hizo nilichukua daftari nikashuka kwa miguu kutoka Soni hadi Mombo, njia ambayo katika mswada wangu shujaa aliipita kwa aya moja. Niligundua kwamba mtu anayekimbia mteremko ule huumia magoti kabla ya mapafu, kwamba sauti ya lori unaisikia kona tatu kabla hujaliona, na kwamba huwezi kujificha kwa watoto wanaouza matunda barabarani. Wanakuona, na watakuambia wamekuona.

Nije kwenye lile lililonikaa kooni zaidi: kujibadilisha.

Sisi waandishi wa upelelezi tunapenda ndevu za bandia. Hannay anafundishwa vingine na rafiki yake wa zamani, Peter Pienaar, mwindaji Kaburu. Pienaar anasema rangi na ndevu ni kazi ya wajinga. Mtu asitambulike kwa kuingia katika mazingira mapya na kuyavaa mwilini, ajisikie nyumbani kabisa, kana kwamba hajawahi kuwa kwingine. Kuna sura Hannay anampokea mtengeneza barabara mlevi kazi yake, anaponda kokoto, anajipaka vumbi machoni mpaka yawe mekundu. Majasusi wanasimamisha gari. Kila kitu kimekaa sawa, ila mmoja anatazama viatu: hivi havikushonwa kijijini. Hannay anajibu bila kupepesa kwamba alipewa na bwana mmoja aliyekuja kuwinda mwaka jana. Bastola haipo hapo, lakini mimi nilikuwa nimesimama wima na kitabu mkononi.

(Huyo Pienaar si ndoto tupu, kwa njia. Julai 1915, mwezi ule ule hadithi ilipoanza kutoka, manowari za Kiingereza zilikuwa zinaimaliza meli ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji, na aliyetumwa kuitafuta katika mikoko ile alikuwa mwindaji kutoka Afrika Kusini, Philip Pretorius. Wenyeji wa delta waliojua kila mkondo hawakuandikiwa riwaya.)

Somo la Pienaar linarudi mwishoni na kumgeukia Hannay mwenyewe. Katika kijitabu cha Scudder kilichoandikwa kwa siri kuna maneno haya: ngazi thelathini na tisa, maji kujaa saa nne na dakika 17 usiku. Wakubwa wa London wanakuna vichwa. Mimi, mjukuu wa mvuvi wa Tanga, niliinuka kitini, maana nilijua kabla yao kwamba maji hayajai kwa wakati mmoja kila mahali, kwa hiyo saa ile ni anwani. Ukiweza kumpa msomaji wako kitendawili ambacho ujuzi wa kwao utakitegua, mpe, atakupenda maisha. Ngazi zenyewe zilikuwapo Broadstairs, zikishuka kutoka jabalini hadi ufukweni. Mtoto wa Buchan, William, alisimulia kwamba dada yake, enzi hizo bado mtoto, ndiyo kwanza amejua kuhesabu, alizishuka akahesabu 39.

Basi Hannay anafika juu ya ngazi hizo Kent, anakuta nyumba. Na ndani? Waingereza watatu wa kawaida kabisa. Wanacheza tenisi, wanaoga, wanakula. Akiingia kuwakamata, wanashangaa kwa ukarimu, wanamkaribisha mezani kwenye mchezo wa karata wa bridge. Anawatazama nyuso zao na yeye hamtambui hata mmoja, ilhali amewahi kusimama nao ana kwa ana. Anaanza kujiona mwendawazimu. Buchan anaiacha hali hii ikae, ukurasa baada ya ukurasa, karata zikigawiwa, na Hannay akizidi kuona aibu. Kisha mmoja wao, akisubiri zamu, anapigapiga vidole juu ya goti. Ni kitendo kidogo tu, lakini Hannay alikiona nyikani, kwa mtu mwingine, mwenye uso mwingine. Ghafla nyuso zote tatu zinabadilika mbele ya macho yake, wala hazijasogea.

Nimesoma mengi ya aina hii na sijaona mwisho wenye risasi unaoufikia huo.

Sasa penye miiba. Mjomba alikuwa ameandika kwa penseli pembeni, pale Hannay anaposema amejichumia mali Rhodesia: "Na waliochimba?" Hicho ndicho kitabu hakiulizi. Afrika ya Hannay ni nyika, mbinu za kuwinda na utajiri. Watu wake ni kivuli. Tena sura ya kwanza Scudder anamwaga chuki dhidi ya Wayahudi, eti ndio walio nyuma ya kila hila. Baadaye Sir Walter Bullivant wa serikalini anasema hiyo ni chuki binafsi ya Scudder, na njama yenyewe inageuka kuwa nyingine, wizi wa siri za jeshi la majini. Lakini usidanganyike kwamba hapo pamesafishika. Sumu ilimwagwa kwa kurasa, ikafutwa kwa mistari. Mimi ningekushauri usiziruke kurasa hizo. Zisome taratibu, uone jinsi hadithi tamu inavyoweza kupitisha uongo ukiwa bado unahema kwa mbio, kisha ufungue mswada wako mwenyewe utazame umemfanya adui nani, na kwa nini ni kabila lile.

Wanawake? Karibu hawapo. Jambo hilo Hitchcock aliliona, na filamu yake ya 1935 ikamfunga Hannay pingu pamoja na mwanamke asiyemwamini, Robert Donat na Madeleine Carroll. Akaziondoa hata ngazi zenyewe: kwake "39 Steps" ni genge la majasusi, na siri imebebwa kichwani na Bwana Kumbukumbu, msanii wa jukwaani anayejibu swali lolote. Filamu tamu kweli, ila ukianza nayo kitabu kitakuchosha kwa kutokuwa filamu, kama kilivyotaka kunichosha mimi. Anza na kitabu. Mwaka huo huo Buchan alifanywa Gavana Mkuu wa Kanada, na alikufa akiwa na cheo hicho mwaka 1940, kwa hiyo haki za kitabu zimekwisha nchi nyingi na unakipata intaneti bure, kihalali. Filamu zilirudiwa 1959 na 1978. Kisha Patrick Barlow akaigeuza tamthilia ya vichekesho ambamo waigizaji wanne wanacheza wote, polisi, majasusi, abiria wa treni, na ikakaa London miaka. Video zake nilizoziona zilinichekesha mpaka machozi.

Buchan mwenyewe hakujidai. Vitabu vya aina hii aliviita vya kushtua, ambavyo matukio yake hayaaminiki ila yanatembea ndani kidogo tu ya mpaka wa yanayowezekana. Kipimo hicho nimekibandika juu ya meza. Na kweli, Hannay ana bahati mbaya kupita kiasi ya kuingia nyumba ambayo siyo, na bahati nzuri kupita kiasi ya kutoka. Ukikisoma polepole, nyuzi zinaonekana. Kisome kwa mkupuo mmoja, siku usiyo na miadi.

Mswada wangu sasa una bastola moja, na haina risasi. Sura ya mwisho nimeihamishia kwenye nyumba moja ya Chumbageni, wazee wanne wanacheza dhumna barazani. Fundi wangu wa mashine amekaa nao tangu alasiri, kahawa ya pili imeshapita, na ameanza kuamini amekosea nyumba. Wanamtania, wanamuuliza ataoa lini. Anapoinuka kuaga anaangalia viatu mlangoni. Jozi tatu zimetupwa ovyo, kama watu walivyoingia. Ya nne imepangwa, ncha zikitazama njia.

Mhariri nimempelekea tena. Bado hajajibu.