Ponda kitunguu saumu kwanza, nyanya zifuate

Kwa muda mrefu nilikuwa nanunua vidonge vya virutubisho kwa hela ambayo ingetosha mboga za wiki nzima. Wakati huohuo mchicha nilikuwa nauchemsha mpaka unalegea kabisa, nakamua, maji ya kijani namwaga. Siku moja mama mkwe alikuja kutoka Tanga akanikuta nimeinamisha sufuria karoni. Akasema, "Mwanangu, mboga ndiyo hiyo unaimwaga." Vile vidonge sijanunua tena.

Nianze na kitunguu saumu, maana ndicho kilichonishangaza zaidi. Punje nzima haina harufu kali. Ukiiponda kwenye kinu, harufu inakupanda puani mara moja: kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani ya punje kimekutana na kemikali kinayoibadilisha, na inatengenezwa alisini, ile inayokipa kitunguu saumu harufu na ukali wake. Moto unakiua kimeng'enya hicho. Ukiponda na kutupia kwenye mafuta ya moto papo hapo, alisini inakosa nafasi ya kutengenezwa ya kutosha. Mimi naponda, nafunika na kisahani, nasubiri dakika 10. Katika muda huo naosha mchicha ukiwa bado haujakatwa, kwa sababu ukikatwa kwanza vitamini C inaondoka na maji, kisha nakata nyanya na vitunguu. Kitunguu maji namenya ganda kavu tu. Kwersetini, mojawapo ya kemikali za mimea zinazolinda seli, imejaa zaidi tabaka za nje.

Nyanya nazipika mpaka ziwe rojo na mafuta yaanze kujitenga. Likopeni, inayoipa nyanya wekundu wake, imebanwa ndani ya kuta za seli. Moto unazilegeza na mafuta yanasaidia mwili kuifyonza. Mchicha nao una karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ingawa ukijani unaificha, na karotini inataka mafuta vilevile. Kumbe bibi zetu waliounga mboga kwa nazi walikuwa sahihi! Natia mboga, nageuza mara mbili tatu, tui zito, likichemka kidogo naepua. Magadi siweki: rangi inapendeza, lakini vitamini C inaharibika. Kisamvu usikipike hivi. Hicho lazima kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa sababu ya sumu ya sianidi.

Asubuhi tunakula viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, navyo vina karotini, kwa hiyo vimepakwa siagi kidogo.

Chai ndiyo ilinisumbua kuiacha. Nikiwa na mimba ya pili niliambiwa kliniki kwamba damu yangu ni ndogo, na mimi nilikuwa nashushia maharage kwa chai ya rangi kila siku. Tanini ya chai inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Sasa nakunywa chai saa moja au zaidi baada ya kula, na mezani nakamulia ndimu, ambayo inasaidia chuma kufyonzwa. Vidonge vya chuma vya kliniki nilimeza vyote, hivyo usiviache.

Vya kujinunulia ndivyo ninavyoviogopa. Mwaka 1994 Finland ilitoa matokeo ya utafiti wa wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000: waliopewa beta-karotini ya vidonge, miligramu 20 kwa siku, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Baba mkwe anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na vitamini K ya mboga za majani inapunguza nguvu ya dawa hiyo. Kwa hiyo sahani yake ya mchicha haiongezwi wala haipunguzwi ghafla, na daktari wake anajua anakula kiasi gani.