Kabla Hujambandika Mkubwa Wako Ukutani

Juma lililopita kijana mmoja wa Kenya, namaanisha komini (mtaa mkubwa) yetu ya hapa Lubumbashi, Kongo, aliniandikia akiuliza kama asambaze katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi wenzake mchoro unaowacheka wakubwa wao. Nilimjibu kwa kirefu kuliko alivyotarajia, kwa sababu alinigusa penye kidonda.

Mwaka 2014 nilikuwa mtunza bohari katika kampuni ndogo iliyohudumia migodi. Kiti kipya cha mkurugenzi kilipowasili, vibarua sita waliamriwa kuacha kupakua magunia ya saruji ili wakipandishe ghorofani, na siku hiyo hiyo tukaarifiwa kwamba fedha za glavu hazipo. Usiku nikachora mizani ya bohari yetu: upande mmoja kiti kitupu, upande wa pili vibarua sita pamoja na magunia yao, na kiti ndicho kilichokuwa kizito. Asubuhi nikaubandika mchoro huo mahali pa kulia chakula. Watu walicheka hata kapita, msimamizi wa vibarua, akarudisha tonge la bukari (ugali) sahanini na kujifuta machozi kwa mkono wenye vumbi la saruji. Sijawahi kupendwa kazini kama siku ile, na mpaka leo naamini kwamba mchoro ulisema kweli.

Jumatatu nilipewa barua ya kutakiwa kujieleza, na mwisho wa mwezi mkataba wangu haukurefushwa. Waliocheka zaidi ndio waliopita getini wakitazama viatu vyao. Bado inaniuma.

Kwa hiyo, ndugu yangu, cheka, lakini hesabu kwanza. Kanuni ya Kazi ya 2002, yaani sheria ya kazi ya Kongo, inasema kwamba kibarua wa kutwa aliyekwisha kufanya kazi siku 22 katika muda wa miezi miwili, akichukuliwa tena kabla muda huo haujaisha, huhesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Daftari la bohari lilikuwa mikononi mwangu, majina ya wale sita yakiwamo karibu kila siku, nami sikuyahesabu hata mara moja! Andika siku zako. Tunza karatasi za malipo, na usome daraja uliloandikiwa katika mkataba, kwa maana wako wanaofanya kazi ya fundi huku wakilipwa kama wabeba mizigo. Narudia tena: andika siku zako, wala usingoje mkubwa akukadirie thamani yako.

Wawili kati ya wale sita walikwenda baadaye kwa mkaguzi wa kazi wakiwa na daftari la shule la mtoto, siku zote zimeandikwa humo kwa kalamu ya risasi. Mmoja wao angali pale pale, kwa mkataba.