Daftari ni kitabu cha shule tu au ni orodha? Jibu la karani wa korosho

Mleta uzi kauliza mbona tunasema daftari la wapiga kura wakati majina yapo kwenye kompyuta, na daftari si ni lile la mtoto wa shule? Wakuu, mimi nimekuwa karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huku Tandahimba, Mtwara, misimu sita, hili neno nalishika kila siku ngoja nichangie.

Sisi tumelipata kwa Waarabu, daftar, na ukilifuata nyuma kupitia Uajemi linaishia kwenye Kigiriki, diphthera, maana yake ngozi ya mnyama. Ngozi kweli! Herodotus aliandika kwamba Wagiriki wa Ionia waliandikia ngozi za mbuzi na kondoo mafunjo yalipokuwa adimu, yaani hizi hizi tunazowambia ngoma huku kwetu. Hata dondakoo kwa Kizungu linaitwa diphtheria kwa sababu ule utando unaoziba koo ni mgumu kama ngozi.

Halafu kila mtu kalibeba kivyake. Waturuki enzi za Ottoman walikuwa na defter za kodi, kijiji kwa kijiji, majina ya wenye kaya yamepangwa. India daftar ni ofisi. Indonesia daftar ndiyo orodha yenyewe, daftar harga ni orodha ya bei. Kwahiyo daftari la wapiga kura, daftari la wakazi kwa mtendaji, lile la mangi anapokuandika deni la sukari, yote ni sahihi kabisa, iwe karatasi iwe BVR ya 2015 (ile mashine ya kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole). (Jedwali nalo tamu, kwa Kiarabu jadwal ni mfereji mdogo wa maji, angalia safu zake utaona.)

Ghalani mimi natumia kaunta buku, nachora kwa rula: jina, kijiji, magunia, kilo, daraja, mwisho nafasi ya sahihi au dole gumba. Msimu mmoja tukaanza kutoa risiti za mashine, mzee mmoja kaipokea, kaikunja kaitia mfukoni, ila haondoki. "Mjukuu wangu, kikaratasi nimekiona, sasa nioneshe kwenye daftari." Nikaligeuza upande wake nikamsomea, akaweka kidole juu ya jina lake akakitembeza taratibu kwenye mstari mpaka kwenye kilo, akaniambia nisome tena. Nikasoma tena, ndo akachukua baiskeli yake.