Mwache Mama Yako Aolewe

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 33, nafanya kazi Malindi mjini. Mama yetu ana miaka 54, anakaa Mayungu kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba mwaka 2015. Anakaanga samaki na kuuza jioni. Sasa kuna Mpemba mmoja, mtu wa Kojani, ana miaka 45. Alikuja na dago, kundi la wavuvi wanaohamahama, na sasa amejikita hapo, hata kusi ikivuma haondoki. Kila akishuka pwani anamwachia mama samaki bila kupima mizani. Mama amebadilika. Anajipaka wanja, anajifukiza udi, na juzi nilipokwenda alijifunga leso iliyoandikwa "Pilipili usiyoila yakuwashiani". Ametuambia anataka kuolewa, na mahari aliyotaja ni friza! Mjomba amekubali, nadhani amelishwa pesa. Kaka yangu yuko Qatar, yeye ndiye walii wa kumwozesha mama, na hatoi idhini. Nasikia huyo Mpemba ana mke kwao. Anachotaka ni nyumba ya baba. Watoto wangu wawili wanaoishi na mama watakwenda wapi? Nimeshapeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa BMU, kamati ya ufuo, huyo Mpemba asiruhusiwe kushusha samaki hapa kwetu. Nimsaidieje mama afumbuke macho?*
*Binti wa Mayungu*

Marahaba, mwanangu. Kumwona mwanamume mwingine akikalia baraza ya baba yako si jambo jepesi, na hilo nakupa pole kwa moyo mmoja. Sasa tuzungumze.

Barua yako umeianza na Mpemba na kuimaliza na BMU, lakini uzito wake uko katikati, pale ulipouliza watoto wako watakwenda wapi. Hapo ndipo ulipozungumza wewe mwenyewe. Watoto wawili wanaishi na bibi yao, wewe uko mjini. Hukuandika unatuma nini kila mwezi. Hukuandika nani analipa sare, nani anaamka alfajiri kuwatilia chai, nani anawapeleka zahanati homa ikipanda usiku. Mtu anayetuma husema, tena husema kwa sauti. Ulivyonyamaza nimeelewa kwamba mzigo huo umeubwaga kwa mama yako, na unaogopa akipata mume atakwambia uje uubebe.

Hebu nikukumbushe mama yako anaishi vipi, maana inaelekea unapokwenda kumtembelea hukai. Asubuhi yuko ufuoni na beseni lake anangoja mashua. Kolekole na nguru hawagusi, hao ni wa matajiri wenye mizani na pikipiki za kupeleka hotelini. Yeye anagombea tafi, pono na vibua. Akishapata anaparuza magamba, anatumbua, anatia chumvi, anawasha kuni, na mchana kutwa yuko juu ya kaango moshi ukimwingia machoni. Siku moja mshike mkono, uugeuze, utazame upande wa ndani wa kifundo. Utaona vidoa vyeupe vya mafuta yaliyomrukia, vingine vya zamani na vingine vya wiki hii. Hivyo ndivyo vilivyokusomesha. Na jioni ikishaingia aliyebakiwa na samaki anauza kwa bei ya kutupa, kwa kuwa samaki hangoji kesho.

Ndiyo maana hiyo friza uliyoitilia alama ya mshangao imenifurahisha kuliko neno lolote katika barua yako. Wanawake wangapi huulizwa mahari wakataja seti ya dhahabu ya kuazima macho ya watu siku moja? Mama yako kataja kitu cha kazi. Akiwa na friza hamlilii tena mteja wa saa moja usiku. Ananunua siku samaki wakiwa wengi na rahisi, anakaanga siku bahari ikichafuka na mashua zikilala. Na mahari ni mali ya mke, mume hana mkono ndani yake. Huyo ni mwanamke mwenye akili timamu, mwanangu. Macho yake yamefumbuka zamani, wewe ndiye unayetaka ayafumbe.

Sasa huyo bwana. Barua nzima hukumtaja kwa jina. Umemwita Mpemba, ukamwita huyo Mpemba, kama kwamba Upemba ni kosa la jinai. Wapemba wamevua maji haya na kuoana na watu wa pwani hii tangu kabla ya babu yako, na Julai 2023 Rais William Ruto alikuja Kilifi kuwakabidhi hati za uraia maelfu ya Wapemba waliokaa Kenya miaka na miaka bila karatasi. Serikali imewatambua, wewe unakataa.

Hata hivyo sitakudanganya. Hofu yako moja ina mizizi. Dago lina sifa yake. Wengi huja wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia, wakavua, wengine wakaoa, na kusi ikianza kuvuma wakapakia nyavu wakarudi kwao, huku nyuma mwanamke akibaki na mimba na namba ya simu isiyopatikana. Wamo wanawake waliofanyiwa hivyo, na wewe umekua ukiwaona. Lakini rudia maneno yako mwenyewe: hata kusi ikivuma haondoki. Umeyaandika kumshtaki, nayo yamemtetea. Msafiri wa dago anajulikana kwa kuondoka. Mtu anayevumilia kusi Mayungu, siku ambazo chombo kinakaa juu ya mchanga na mfuko hauna kitu, hakufuata samaki peke yake.

Na hao samaki wasiopimwa mizani? Mvuvi aliyetoka baharini amechoka, ana deni la mafuta ya mashine, ana fungu la mwenye chombo, ana fungu la wenzake. Anachompa mama yako kinatoka kwenye fungu lake mwenyewe. Wewe umeona ni chambo. Mimi nimeona mtu anayetoa katika kichache chake, hadharani, mbele ya ufuo mzima, kisha akaenda kwa mjomba wako kuposa badala ya kupitia mlango wa uani. Mwizi wa nyumba haposi.

Tuje kwenye hiyo nyumba, kwa sababu hapo ndipo ulipopotoka kabisa. Baba yako alifariki 2015. Mbona mirathi haijagawanywa mpaka leo? Sura ya An-Nisaa imeshaweka mafungu. Ikiwa warithi ni nyinyi watatu tu, na babu na bibi wazaa baba walishatangulia, nyumba inagawanywa mafungu 24: mama yako 3, kaka yako 14, wewe 7. Mume mpya hana hata fungu moja katika mali ya baba yako. Mungu apishe mbali, mama akifa kabla yake, kwa kuwa ameacha watoto mume atarithi robo ya kilicho cha mama, yaani robo ya yale mafungu 3, pamoja na robo ya vyombo vyake na pesa zake. Basi. Huyo mtu hawezi kuwanyang'anya nyumba hata akitaka. Nenda mahakama ya Kadhi Malindi mkagawane kwa maandishi, hofu hiyo ikuishe. Na ukifika huko, uliza pia nani amekaa miaka yote hii akikarabati paa na kuta, maana nadhani jibu unalijua.

Kuhusu walii, kaka yako asijisumbue kupiga simu kutoka Qatar. Kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata pwani, mtoto si walii wa mama yake kwa uana tu. Walii ni baba wa mwanamke, babu yake mzaa baba, kisha ndugu zake wa kiume. Ikiwa baba na babu yake hawapo, mjomba wako ndiye mwenye neno, na ameshalisema. Unadai amelishwa pesa. Na mvuvi wa dago alizitoa wapi? Huenda mzee amefanya jambo dogo tu, amemuuliza dada yake anataka nini, akamsikiliza. Hata mjomba angekataa bila sababu ya kisheria, Kadhi angemwozesha. Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi. Mjane aliyemaliza eda yake miaka mingi iliyopita haombi ruhusa kwa aliowazaa.

Eti miaka 54 na 45. Bibi Khadija alikuwa mjane, mfanyabiashara, na alimzidi Mtume umri. Sitaongeza neno.

Hili nalisema na kwa wengine wanaosoma, kwa sababu ugonjwa huu hauko Mayungu pekee. Baba akifiwa na mke, hata arobaini haijatimia watoto wameshaanza kumtafutia mtu wa kumpikia. Wanasema baba anateseka, baba ni mpweke, baba atakonda. Wanachanga mahari. Binti wa miaka 28 akiingia nyumbani wanamwita mama. Mama akifiwa, watoto hao hao wanamvisha ujane kama sare ya kazi. Anakuwa yaya wa wajukuu, mlinzi wa nyumba, mpishi wa shughuli, na siku akijipaka wanja wanaulizana kapatwa na nini. Nani aliwaambia moyo wa mama unakufa na mumewe? Mnaoana kwa harusi za siku nne, na mapambo ya mkopo, na ndoa inakufa kabla deni halijaisha. Kisha watoto mnampelekea mama na mnampangia na jinsi ya kulala. Wewe mwenyewe mwanangu hukunieleza baba wa watoto wako yuko wapi. Sikuulizi ili nikuumize. Nakuonyesha kwamba mama yako alipokea wanao bila kukuwekea kikao, na wala hakwenda kumshtaki mtu.

Ile leso, naam, ilikuwa yako. Mama zetu wa pwani wakiwa na jambo zito hawapigi kelele, wanakwenda dukani wakachagua doti. Angeweza kukutukana, angeweza kukufukuza. Amekuambia kwa kitambaa kiunoni, tena kwa heshima, uache lisilokuhusu. Ulisoma maandishi ukachukia. Laiti ungekaa naye jamvini.

Jambo lililonitia hasira ya kweli ni la BMU. Umelitaja mwishoni kwa haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Umekwenda kuomba mtu anyimwe bandari, anyimwe riziki, kwa sababu amempenda mama yako kwa njia ya halali. Kamati ya ufuo iko pale kwa ajili ya vyombo, nyavu, usafi na magomvi ya uvuvi. Haikuwekwa kuamua mjane aolewe na nani. Na ufuoni chuki dhidi ya wageni haihitaji kuchochewa. Ukishawaambia vijana kwamba Mpemba fulani hatakiwi, hujui nani atakwenda usiku kumkatia nyavu au kumtoboa chombo, na damu ikimwagika jina lako litakuwa la kwanza kutajwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jambo hilo umelifanya vibaya sana.

Mama yako naye nina maneno kwake, na wewe ndiye utakayemfikishia, kwa adabu. Hilo la mke wa Kojani umeliandika kwa "nasikia", nami siwezi kuhukumu mtu kwa nasikia. Lakini linachunguzika. Mjomba azungumze na nahodha wake na wenzake wa chombo, hao wanajua siri zote, na atafutwe mtu wa kuaminika anayekwenda Pemba aulize Kojani kwenyewe. Akiwa na mke, si haramu, ila mama alijue kabla ya kusema ndiyo, ajue zamu zitakuwaje na matumizi yatagawanywaje, na yule mke wa huko naye ajulishwe. Amwombe huyo bwana aone kitambulisho chake. Ndoa isajiliwe, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hata ndoa ya Kiislamu iandikwe, na cheti akiweke mwenyewe sandukuni. Friza iletwe kwanza, na risiti iandikwe jina lake.

Wewe anza na BMU. Nenda kwa mwenyekiti kabla ya Ijumaa, umwambie umeondoa malalamiko yako, useme mbele ya wale wale uliowasemea mwanzo. Ukitoka hapo nenda kwa mama yako bila kaka yako kwenye simu. Mwombe radhi, kisha mzungumze habari ya watoto: ama uwachukue ukae nao mjini, ama wabaki na bibi yao ukitoa kiasi maalumu kila mwezi, kijulikane ni shilingi ngapi na tarehe ngapi. Na huyo bwana utakapomkuta barazani, msalimie, umuulize jina lake.