Mwangwi katika video ya harusi ya kamera tatu

Ndugu uliyeuliza kwa nini video yako ya harusi ya kamera tatu ina mwangwi, mwangwi huo unatokana na kuacha sauti za kamera zote tatu zikisikika kwa pamoja. Ifanye sauti ya mikisa (mashine inayochanganya sauti za maikrofoni) kuwa msingi wa video nzima, kisha zinyamazishe nyingine bila kuzifuta, kwani utazihitaji kwenye vigelegele. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo kamera iliyo mita 27 kutoka kwenye spika huipata ikiwa imechelewa fremu mbili hivi (fremu ni picha moja moja zinazounda video), kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde. Nilihakikisha hilo kanisani hapa Iringa kwa kofi moja la mikono lililopigwa madhabahuni. Ibada ikizidi saa moja, kagua tena mwishoni kama sauti na picha bado zinaenda pamoja, maana saa za ndani ya vifaa hupishana taratibu hadi midomo na maneno vinaachana.