Waafrika miongoni mwa Waseminole
Ndugu, umeuliza kama Waafrika walioishi na Waseminole, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika huko Florida, walikuwa watumwa tu. Jina la utumwa lilitumika, lakini wengi wao, waliotoroka mashamba ya Georgia na Carolina Kusini, walikaa katika vijiji vyao wenyewe, wakabeba silaha, wakalima mahindi na mpunga, na kumpelekea chifu sehemu ya mavuno. Katika vita vya 1835 hadi 1842 dhidi ya jeshi la Marekani walipigana bega kwa bega na Waseminole, na Abraham, aliyewahi kuwa mtumwa, alikuwa mkalimani na mshauri wa chifu Micanopy, heshima ambayo kwa maoni yangu haisimuliwi vya kutosha. John Horse naye, kiongozi mwingine wa Waafrika hao, baada ya kuhamishiwa magharibi mwa Marekani, aliwaongoza wenzake hadi Meksiko, ambako utumwa ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku.