Mkono bandia wenye "hisia": mwulizeni muuzaji waya unaingia wapi

SWALI: Daktari, mdogo wangu alikatwa mkono na mashine ya kukamua miwa mwaka jana. Kuna muuzaji mtandaoni ana mkono wa umeme wenye vihisio vidoleni, anasema atahisi tena kama zamani. Tunataka kuuza kiwanja. Tununue? – Dada mtu, Morogoro

JIBU: Kiwanja kiacheni kwanza, dada yangu. (Udaktari sijausomea, mimi ni fundi wa viungo bandia.) Swali hili naletewa kila mara, na kinachowaponza watu ni hilo neno vihisio. Kihisio kilichomo kwenye kidole cha plastiki kinaupasha habari mkono wenyewe: kikombe kinateleza, mota inakaza. Mdogo wako hapo hajahisi kitu. Habari haijavuka soketi, lile ganda linalovikwa kigutu.

Ili ivuke, lazima iingie kwenye mishipa ya fahamu iliyobaki kwenye kigutu. Mishipa hiyo haijafa, wala haitaki mafuta ya "kufufua neva" ambayo muuzaji huyohuyo bila shaka anayo. Ndiyo inayomfanya mtu aamke usiku akilalamika kuwa kidole kisichokuwepo kinamwasha. Dennis Aabo Sørensen, Mdenmark aliyepoteza mkono kwa fataki, alipandikizwa elektrodi, yaani nyuzi nyembamba za kupitisha umeme, ndani ya mishipa hiyo, Roma, mwaka 2013. Akiwa amefungwa macho alitofautisha kitu kigumu na laini kwa mkono bandia uliounganishwa nazo. Baada ya mwezi hivi zikatolewa, maana yalikuwa majaribio. Kule Cleveland, Marekani, wapo waliokaa nazo miaka, hadi wakaweza kuchomoa kikonyo cha tunda dogo laini la cheri bila kuliponda. Hiyo ni kazi ya chumba cha upasuaji. Haiji na bodaboda ndani ya boksi.

Basi mwulizeni: waya unaingia wapi mwilini? Akianza habari za betri na bluutuuthi, kateni simu. Akisema kuna kitetemeshi juu ya ngozi, sawa, kinasaidia, ila ni kama simu inavyotetema mfukoni. Asikiite hisia.

Nimeona mikono ya mamilioni ikiishia juu ya kabati kwa sababu tu soketi inabana na jasho linawasha. Wakati huohuo mteja wangu mmoja ana ndoano ya kamba, ile mnayoidharau, inayovutwa kwa mkanda wa begani ndipo ifunge. Anashika yai nayo akalimenya. Nikamuuliza anajuaje asilipasue, akajigusa bega la pili: mkanda unamvuta pale, kadiri anavyobana.

Mkija, njooni na mwenyewe. Majuzi nililetewa picha ya mkono na bei yake, mgonjwa kaachwa nyumbani.